Kazi ya Msituni Ndiyo Mwalimu

Mazungumzo yetu ya leo ni kuhusu watoto na msitu. Nazungumza hasa na walimu, walezi wa klabu za mazingira na viongozi wa skauti, lakini mzazi naye asibanduke kwenye redio, maana nusu ya jambo hili imo mikononi mwake. Kila muhula mabasi ya shule hupeleka watoto kwenye misitu iliyo karibu na miji yetu. Wa Nairobi huenda Karura au Ngong, wa Dar es Salaam huenda Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, wa Unguja huenda Jozani kumtazama kima punju, na wa Malindi na Kilifi huenda Arabuko-Sokoke. Ni jambo jema, na shule zinazojitahidi hivyo zinastahili shukrani. Swali langu ni hili: watoto hao wakishafika, wanafanya nini? Mara nyingi hupangwa mistari miwili, mwongozaji mbele na mwalimu nyuma. Huonyeshwa mti huu na ndege yule, huambiwa wasiguse, wasitoke njiani, wasipige kelele. Wakishakula chakula walichofungiwa nyumbani, hupanda basi na kurudi. Wametembea msituni, lakini hawajaamua lolote, hawajabeba jukumu lolote, na hakuna aliyemhitaji mwenzake hata mara moja. Ninachosema leo ni kwamba stadi za porini na moyo wa kushirikiana haviji kwa kuuona msitu. Huja pale kikundi kidogo cha watoto kinapopewa kazi ya kweli, isiyowezekana kwa mtu mmoja, kikaachiwa kuamua namna ya kuifanya, na kikaona kwa macho yake matokeo ya uamuzi wake.

Ushahidi wa kwanza unatoka mbali, lakini unahusu jambo hili hili. Kiangazi cha mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, waliwapeleka wavulana 22 wenye umri wa miaka 11 hivi kwenye kambi iliyo katika hifadhi yenye vilima na miti ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma. Waliwagawa makundi mawili, na kwa siku za mwanzo kundi moja halikujua kwamba kuna jingine. Kila kundi likajipa jina na kutengeneza bendera yake. Kisha yakakutanishwa katika mashindano: besiboli, kuvuta kamba, kusimamisha mahema, na zawadi za washindi peke yao. Haukupita muda mrefu bendera zikachomwa moto, mabweni yakavamiwa, matusi yakarushwa huku na huku. Watafiti walipojaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha chumba kimoja na kuwaonyesha filamu pamoja, hawakufanikiwa, na mezani watoto walirushiana vyakula. Kilichobadili mambo ni shida zilizowahusu wote, ambazo watafiti walizipanga makusudi. Maji ya kambi yalikatika, ikawabidi wote wachunguze bomba na tangi mpaka wapate mahali palipoziba. Filamu waliyoitamani ilihitaji fedha ambazo kundi moja lisingezimudu. Lori la chakula liligoma kuwaka, nao wakalifunga kamba ile ile waliyoshindania na kulivuta kwa nguvu za wote. Kazi moja haikutosha kuumaliza uadui. Ulipungua taratibu, kadiri kazi za pamoja zilivyofuatana, hata mwishoni wavulana wengi walitaka kurudi nyumbani kwa basi moja.

Yapo mapingamizi dhidi ya jaribio hilo, na ni ya haki. Wavulana wenyewe walikuwa wachache, wa jamii moja na hali moja ya maisha, na wasimamizi ndio waliouandaa ugomvi. Zaidi ya hayo, mwandishi Gina Perry wa Australia, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, ameeleza kwamba mwaka mmoja kabla, yaani 1953, Sherif alijaribu jambo hilo hilo katika jimbo la New York na likamshinda. Safari hiyo watoto walikuwa wamekwisha kuzoeana kabla ya kugawanywa, wakakataa kuchukiana hata walipochokozwa. Kwa hiyo hatuwezi kulitumia jaribio la Robbers Cave kudai kwamba watoto kwa asili yao ni maadui. Lakini kwa anayepanga safari ya msituni, habari ya mwaka 1953 inaupa ushauri wangu nguvu badala ya kuudhoofisha. Inatuambia tuwaache watoto wazoeane kwanza, ndipo tuwagawe vikundi. Inatuambia pia kwamba mashindano yasiwe moyo wa safari. Shule nyingi, zikitaka kuwachangamsha watoto, hukimbilia kuwapambanisha: darasa la tano dhidi ya la sita, shule hii dhidi ya ile, zawadi kwa watakaotangulia. Furaha ya ushindi ni kweli, lakini kinachojengwa hapo ni mshikamano wa kundi dhidi ya kundi. Tukitaka mtoto ajifunze kushirikiana hata na yule asiyempenda, tumpe shida inayowahitaji wote wawili.

Ushahidi wa pili unahusu ukubwa wa kikundi, na hapa walimu wetu wenye madarasa ya watoto 60 au 70 nawaomba wasikilize kwa makini. Mhandisi Mfaransa aitwaye Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, mmoja mmoja na kwa vikundi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aligundua kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu pungufu. Katika kikundi cha watu 8, kila mtu alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu ilitokana na kutovuta kwa mpigo mmoja, na utafiti wa baadaye ulithibitisha kwamba sehemu nyingine hutokana na kutegeana: mtu akijua juhudi yake haionekani, hulegea. Kila mwalimu aliyewapa watoto 20 kazi moja ameliona hili. Wanne hufanya, sita hutazama, waliobaki hucheza. Waasisi wa skauti walilijua mapema. Mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Aliwachanganya watoto wa shule za matajiri na watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani, akawagawa vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake ambaye naye alikuwa mvulana. Mtindo huo wa vikundi vidogo vinavyoongozwa na watoto wenyewe ndio uliobaki kuwa uti wa mgongo wa skauti popote duniani. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, akafariki Januari 1941 na kuzikwa huko. Yako mengi ya kuhoji kuhusu mtu huyo aliyekuwa jenerali wa dola ya kikoloni, na wanahistoria wanayahoji. Hata hivyo, kikundi cha watoto watano hadi wanane, kila mmoja na wajibu unaojulikana kwa jina, ni wazo lililothibitika kwa zaidi ya miaka 100, na halina utaifa.

Wala sisi wa Afrika Mashariki si wageni katika fikra hii. Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba shule zilimtenga mtoto na jamii yake, zikamfundisha kumeza maneno ya kitabu kwa ajili ya mtihani. Alitaka shule ziwe na mashamba na kazi zake, na, jambo ambalo mara nyingi tunalisahau, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua kuhusu kazi hizo. Katika shule nyingi nusu ya kwanza ilitekelezwa, nusu ya pili ikaachwa. Watoto walilima, lakini mpango ulitoka kwa mwalimu, mavuno hawakujua yalikwenda wapi, na jembe likageuka adhabu ya mchelewaji. Hilo ni somo kubwa kwetu. Kazi bila uamuzi huzaa uchovu na chuki ya kazi. Kwa upande mwingine, vyama vya watoto vilivyowapa nafasi ya kuamua vimedumu. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968, Malihai Clubs za Tanzania zikafuata mwaka 1980, na mwaka 1991 Jane Goodall alikutana na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam, pakazaliwa Roots & Shoots, ambayo leo imeenea nchi nyingi. Msingi wake ni kwamba vijana wenyewe ndio huchagua tatizo la mahali pao na kulishughulikia. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, nao umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Kwa hiyo kwenye karatasi tumekubaliana. Kilichobaki ni kuyapeleka makubaliano hayo chini ya miti.

Sasa, ni stadi gani hasa tuwafundishe? Naanza na kujua uelekeo, kwa sababu hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinapotupotosha. Humwambia mtoto aitafute Nyota ya Kaskazini, ilhali nyota hiyo haionekani kutoka Nairobi wala Dar es Salaam. Humwambia kwamba saa sita mchana jua huwa kusini, ilhali kwetu sisi tulio karibu na ikweta jua la mchana huwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na kati ya nyakati hizo hutupitia utosini. Mtoto wa hapa afundishwe jua la hapa. Kikundi kisimamishe kijiti mahali palipo wazi, kiweke alama kwenye ncha ya kivuli, kisubiri robo saa na kuweka alama ya pili. Mstari kutoka alama ya kwanza kwenda ya pili utaelekea mashariki kwa kukadiria, na wakiurudia asubuhi na alasiri wataona wenyewe unapokosea kidogo. Kisha wachore ramani yao ya njia: mti mkubwa, jabali, kijito, njia panda. Mmoja ahesabu hatua, mwingine ashike dira, wa tatu achore, wa nne aangalie alama za nyuma yao, maana njia ya kurudi huwa na sura tofauti na ya kwenda. Wakibadilishana ramani na kikundi kingine na kuambiwa waifuate, watagundua kwamba ramani nzuri ni ile anayoielewa mtu ambaye hakuwepo ilipochorwa. Hapo mtoto hujifunza kumfikiria mwenzake, na hakuna aliyemhubiria.

Stadi ya pili ni kujikinga na mvua na jua. Turubai moja, kamba nne na miti iliyosimama vinatosha, bila kukata hata tawi. Watoto wajifunze mafundo matatu au manne, wajadiliane upepo unatoka wapi na maji yatateremkia wapi, kisha wafunge. Turubai likifungwa vibaya, ndoo moja ya maji ikimwagwa juu yake itawaambia, na mwalimu hana haja ya kusema neno. Stadi ya tatu ni moto, na hapa natahadharisha. Sheria za misitu za Kenya na Tanzania haziruhusu kuwasha moto hifadhini kiholela, na moto mmoja wa kiangazi unaweza kuteketeza ekari nyingi. Basi moto ufundishwe shuleni, kwenye mafiga, pamoja na jambo lililo muhimu kuliko kuuwasha, yaani kuuzima mpaka majivu yapoe mkononi. Stadi ya nne ni kujua la kufanya ukipotea. Mwaka 1981, katika mlima Palomar jimboni California, mvulana wa miaka 9 alipotea akafa kabla hajapatikana. Waliomtafuta wakaanzisha mafunzo ya kuwaambia watoto jambo rahisi: ukijua umepotea, kaa mahali pamoja, ukumbatie mti, usiendelee kutembea. Mtoto anayetulia hupatikana upesi kuliko anayehangaika. Tuongeze filimbi shingoni mwa kila mmoja, mipulizo mitatu iwe ishara ya kuomba msaada, na kanuni kwamba watoto hutembea wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kujua mwenzake yuko wapi.

Kisha ziko kazi zinazoufaidi msitu wenyewe, nazo ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu mtoto hatoki pale akiwa mgeni aliyehudumiwa. Karura ni mfano mzuri. Msitu huo wa hekta elfu moja hivi, ndani ya jiji la Nairobi, ungekuwa leo umekatwa viwanja kama si Profesa Wangari Maathai na wenzake waliosimama kidete miaka ya mwisho ya 1990, wakapigwa na kujeruhiwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Tangu hapo wananchi wameshirikiana na Shirika la Huduma za Misitu kuurudishia miti ya asili na kung'oa mimea vamizi kama lantana. Kung'oa lantana ni kazi ya kikundi hasa: mmoja hainamishi matawi yenye miiba, mwingine halegezi mizizi, wa tatu havuti, bila mwenzake kujua anafanya nini. Vivyo hivyo kutunza kitalu, kupima mzingo wa miti ile ile kila mwaka, au kuhesabu ndege kwa dakika kumi huku mmoja akitazama na mwingine akiandika. Pwani tuna urithi mwingine wa kujifunzia. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imebaki kwa sababu wazee waliweka miiko kuhusu nani aingie, aingie vipi, na asikate nini. Wanapokubali kuwapokea watoto, watoto husikia kwamba kuishi na msitu ni suala la makubaliano ya watu, na kwamba makubaliano hayo yanaweza kulinda miti kwa karne nyingi kuliko uzio wowote.

Najua pingamizi la kwanza la mzazi, naye hana kosa: msituni kuna hatari. Kuna nyoka, nyuki, radi, mito. Ni kweli, na anayesema hakuna asipewe watoto. Lakini tuzipime hatari kwa mizani moja. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo sehemu ya safari inayotakiwa kutunyima usingizi ni barabara, na tiba yake ni kuchagua msitu wa karibu, dereva mwangalifu, na kurudi kabla ya giza, maana kwetu jua likizama usiku hauchelewi kuingia. Kuhusu nyoka, kinga kubwa ni viatu vilivyofunika mguu, kutazama kabla ya kukaa au kushika, na kutochokonoa mashimo. Mtu akiumwa, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, avuliwe pete na bangili, abebwe kwenda hospitali. Asichanjwe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kukaza damu. Mwalimu awe ameuliza mapema kituo gani cha afya kilicho karibu kina dawa. Zaidi ya hayo, mtafiti Ellen Sandseter wa Norway, aliyechunguza kwa miaka mingi michezo yenye hatari ndogo, kama kupanda miti na kutumia visu, anatukumbusha kwamba mtoto hujifunza kuipima hatari kwa kukutana nayo akiwa chini ya uangalizi. Mtoto aliyezuiwa kila kitu hakui akiwa salama. Siku moja hufika mtoni akiwa peke yake, wala hajui kuyasoma maji.

Pingamizi la pili ni mtihani. Mzazi analipa karo ili mwanawe afaulu, na siku ya msituni ni siku iliyotolewa kwenye hesabu na Kiingereza. Najibu kwamba sehemu kubwa ya kazi nilizozitaja ni hesabu, jiografia na sayansi zenyewe: kipimo, pembe, skeli ya ramani, uainishaji wa mimea, na ripoti inayoandikwa kwa Kiswahili sanifu wakirudi. Tena mwili unaokwenda darasani unahitaji kulelewa. Huko Norway, Ingunn Fjørtoft alilinganisha watoto wa chekechea waliocheza msituni kila siku na wenzao waliocheza kwenye uwanja wa kawaida, na utafiti wake wa mwaka 2001 ulionyesha wale wa msituni wameendelea zaidi katika mizani ya mwili na uratibu wa viungo. Huko Guangzhou, China, shule 12 zenye watoto zaidi ya 1,900 wa darasa la kwanza zilishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Nusu ya shule ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, watoto walioanza kushindwa kuona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, na asilimia 39.5 katika shule nyingine. Mtoto asiyeuona ubao hafaulu mtihani. Sisemi safari moja ya muhula itayaleta haya, kwa maana tafiti zote mbili zinahusu mazoea ya kila siku. Nasema kwamba muda wa nje hauiibii elimu, na kwamba shule iliyoanza na safari moja itaona sababu ya kutoka mara nyingi zaidi.

Pingamizi la tatu lina akili zaidi, nalo ni hili: kama siri ni kikundi kidogo na kazi ya kweli, kwa nini tusifanyie kiwanjani, bila basi wala gharama? Nakubali kwa kiasi kikubwa. Mafundo, turubai, moto, dira na ramani vianzie kiwanjani, na shule isiyo na nauli isijione imefungiwa mlango. Kijito, kichaka nyuma ya kijiji, mikoko ya ufukweni, hata shamba la miti la kanisa au msikiti vinatosha. Ila kiwanja kina upungufu mmoja. Kila shida iliyomo ameipanga mwalimu, na watoto wanajua kwamba jibu analo yeye. Msituni mti umeanguka njiani, mvua imenyesha kabla ya saa iliyotarajiwa, alama kwenye ramani haionekani. Mwalimu naye hajui kwa uhakika, na watoto wanamwona akifikiri. Hapo mazungumzo yao hubadilika. Hawashauriani tena ili kumpendeza mtu, wanashauriana kwa sababu wanahitaji jibu.

La nne, nimesikia ikisemwa kwamba mambo haya ni ya watoto wa mjini, kwani wa kijijini wanaujua msitu tangu kuzaliwa. Anayechunga mbuzi na kuchanja kuni anajua mengi kweli, na hilo ni jambo la kushukuru. Kwa hiyo katika safari za pamoja yeye awe mwalimu wa wenzake, apewe heshima ambayo darasani huenda hapewi. Lakini kuujua msitu ukiwa umetumwa kuni ni tofauti na kukaa na wenzako mkaamua, mkakosea, mkarekebisha. Stadi hiyo ya pili haina mjini wala kijijini. Na tuwe macho na wasichana. Katika vikundi visivyosimamiwa, mvulana mwenye sauti kubwa hushika dira siku nzima, msichana akapewa sufuria. Dawa ni kuzungusha majukumu kwa saa au kwa kazi, ili kila mtoto aongoze, aandike, abebe, apike na asikilize. Mwalimu asipoupanga mzunguko huo, kikundi kitarudia ubaguzi kilioukuta nyumbani, na msitu hautakuwa umekifundisha kitu kipya.

Msikilizaji, watoto wetu wameisikia tangu chekechea methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa, na wanaweza kuikariri bila kukosea. Kuikariri hakujawapa uwezo wa kukubaliana njia ipi wapite wakati wawili wanasema kulia na watatu wanasema kushoto. Uwezo huo hupatikana kwa kufanya, na wenye kuwafungulia nafasi hiyo ni sisi. Kwa hiyo ombi langu kwa muhula ujao ni dogo na linatekelezeka. Mwalimu, chagua msitu mmoja wa karibu, mwone afisa misitu kabla ya siku yenyewe, mkubaliane kazi moja ambayo msitu unaihitaji. Wagawe watoto vikundi vya sita sita wiki mbili kabla, wajizoeze kiwanjani, wapange wenyewe vifaa na majukumu. Wakifika, toa maelekezo ya usalama, eleza kazi, kisha rudi nyuma hatua kumi na unyamaze, ukitazama. Ingilia pale tu penye hatari. Wakimaliza, wape nusu saa ya kujiuliza maswali matatu: tuliamua nini, nani hakusikilizwa, na tukirudi tutafanya tofauti jambo gani. Hiyo nusu saa isikatwe hata basi likipiga honi. Kamati ya shule, tengeni fungu la safari mbili kwa msitu ule ule badala ya moja ya mbali na ya kifahari, kwa sababu kikundi hujifunza zaidi kinaporudi kurekebisha kilichokosea. Nawe mzazi, mtoto akirudi na matope magotini, muulize walifanya kazi gani na yeye alikuwa na jukumu gani. Akikosa jibu, nenda shuleni ukaulize kwa upole na heshima. Akiwa na jibu, mpe nyumbani kazi ya kuamua yeye na ndugu zake, kubwa kidogo kuliko uliyompa jana.